Majani ya Mstari Mweupe

3 Machi

Shangazi yangu,

Shikamoo. Natumai mu wazima, wewe na Baba. Dereva wa lori ameniapia kwamba kifurushi hiki hatakikalia wala kukisahau kwa mtu. Ndani kuna tepe mbili, mkasi, rula na bahasha za karatasi. Usicheke. Rula ni ya kazi.

Mwenyewe uliniambia kwamba zamani ulikuwa unapanda mlimani kuchimba tunguu chungu la kutibu vidonda na kurudi kabla maji ya chai hayajachemka, na sasa unatembea nusu siku. Kila tunguu linalochimbwa ni mmea mzima uliokufa. Hapa kwenye kituo cha utafiti tunataka kujua mambo mawili. Je, dawa iliyo kwenye tunguu imo pia kwenye jani? Na jani likikatwa, tunguu lililo chini linaendelea kukua au linadhoofu? Kama jani linatosha, wachuma dawa watakata majani na kuyaacha matunguu ardhini, na mlima utarudi kuwa mlima.

Kwa hiyo naomba hivi. Kwenye bustani yako ya nyuma chagua mistari miwili ya matunguu yanayolingana, arobaini kila mstari. Wa kwanza ufunge utepe mwekundu. Huo kila tarehe mosi ukate majani yote, uache urefu wa kidole. Niwekee machache kwenye bahasha, mengine uwatibie wagonjwa wako. Wa pili ufunge utepe mweupe. Huo usiguswe, isipokuwa majani mawili ya bahasha yangu kila mwisho wa mwezi. Bila mstari mweupe, mwekundu hauna maana yoyote, maana sitakuwa na cha kuulinganisha nacho. Na mpaka Septemba usichimbe tunguu hata moja pale bustanini. Niahidi.

Mkuu wa kituo alitaka tuupande huku. Nilimwambia hakuna mikono inayoujua mmea huu kama ya shangazi yangu, na kazi yangu nimeiweka juu ya neno hilo.

Kipimo wako


19 Machi

Mwanangu Kipimo,

Marahaba. Kifurushi kimefika. Dereva ameomba dawa ya mgongo, nimempa ushauri wa bure, aache kubeba magunia ya watu wawili.

Nimeshafunga tepe. Baba yako ametoka nje akauliza kama bustani inaolewa. Nikamwambia ndiyo, na mahari ni rula. Hakucheka, lakini unamjua, fundi viatu yule anacheka siku ya tatu, akiwa peke yake na msumari mdomoni. Yeye ni mzima. Anakula, ananung'unika, anavaa kiatu kimoja nyumbani kwa sababu cha pili anasema kinambana. Mshona viatu wa mtaa mzima, na cha kwake kinambana.

Uliloniomba nimelishika. Sitachimba. Ila elewa unaniomba nini. Mimi tangu nianze kazi hii sijawahi kumwambia mtu mwenye kidonda kwamba dawa ipo lakini si yako. Wewe ukiona mistari miwili unaona arobaini na arobaini. Mimi naona dawa ya watu themanini. Lakini nimekuahidi, na neno nikilitoa sirudi nyuma.

Kwa nini tuandikiane wakati simu zipo? Kwa sababu simu yangu ni ya salamu na misiba. Mambo ya kuhesabu nataka niyaone kwa macho.

Shangazi yako


8 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Bahasha za Machi, Aprili na Mei zote zimefika. Unaandika tarehe vizuri kuliko wanafunzi wanaoletwa hapa, nimewaonyesha bahasha zako wakaona haya.

Habari kubwa ni kwamba dawa imo kwenye jani. Si nyingi kama ya kwenye tunguu, lakini imo, na inatosha. Jambo la pili lilinishangaza. Majani ya mwekundu, yale yaliyoota upya baada ya kukatwa, ni machungu zaidi kuliko yale ya kwanza. Mkuu anasema mmea ukijeruhiwa unajilinda kwa kuongeza uchungu. Nimeonja kipande, ulimi ukafa ganzi mpaka jioni.

Swali moja dogo. Majani ya mweupe ya mwezi Mei ni mafupi, na ncha zake ni laini kama za jani changa. Ya Machi yalikuwa marefu kupita bahasha, ukayakunja. Kuna nini? Maji yamepungua, au kuna mdudu?

Baba hajambo? Kila nikipiga simu unaniambia amelala. Tangu lini fundi akalala mchana?

Kipimo


25 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Kuhusu mstari mweupe usiwe na wasiwasi. Ni mbuzi. Mbuzi wa jirani alipenya upande wa choo akang'ata majani machache kabla sijamwona. Jirani ameomba radhi, ua nimeliziba. Andika mbuzi kwenye daftari lako kisha uendelee.

Baba yako analala mchana kwa sababu amezeeka, na uzee hauombi ruhusa. Anakusalimu. Anasema ukae na kazi yako, usije mbiombio bila sababu, nauli haidondoki mitini.

Uchungu huo wa majani yaliyokatwa hata mimi nimeuona. Wagonjwa wanakunja nyuso. Wachuma wenzangu wameanza kupita hapa kuuliza, nawaambia wasubiri, mwanangu anapima.

Shangazi yako


30 Septemba

Shangazi yangu mpenzi,

Utanisamehe mwandiko wa leo, naandika nimesimama. Yale matunguu kumi kumi uliyochimba mwishoni mwa msimu nimeyapima yote, mwekundu na mweupe, mara tatu kwa mizani mbili tofauti. Yanalingana. Tofauti iliyopo ni ndogo, hata si ya kutajwa. Yote ni madogo kidogo kuliko nilivyotarajia, lakini mvua za mwaka huu zilikuwa chache, hilo linaeleweka.

Unajua maana yake? Unakata majani msimu mzima, na tunguu halidhuriki. Tena jani linalorudi ni chungu zaidi. Ni kama mmea unatuambia tukate.

Mkuu wa kituo amesoma ripoti yangu akasimama kunipa mkono. Kuna tangazo linachapishwa, lenye picha ya mkasi na maneno makubwa: KATA JANI, ACHA TUNGUU. Litabandikwa kwenye kila soko la dawa kuanzia msimu ujao. Nafasi yangu ya kazi, iliyokuwa ya mwaka mmoja, sasa ni ya kudumu. Nililia chooni kama mtoto.

Haya yote ni mikono yako, Shangazi. Mwambie Baba.

Kipimo


12 Oktoba

Kipimo,

Nimesoma. Nimempelekea baba yako akasoma na yeye.

Nina swali. Mtu akishaandika ripoti, na tangazo likawa bado halijabandikwa, anaweza kuifuta?

Shangazi


20 Oktoba

Shangazi, hujabadilika. Uliwahi kukataa zawadi ya shule niliyokuletea ukasema imekosea nyumba. Ripoti haifutwi kwa sababu mtu anaona aibu kusifiwa. Jina lako halimo kwenye tangazo, nimesema tu "mtaalamu wa tiba asilia," kwa hiyo tulia. Umeshinda. Kubali mara moja maishani.

Kipimo


14 Aprili

Mwanangu,

Miezi sita sikukuandikia, ukadhani ni kazi. Haikuwa kazi. Keti chini kabla hujaendelea.

Mvua zimekuja mapema na nyingi, huwezi kusema ni ukame. Jana nilipanda mlimani na wachuma wenzangu wanne. Msimu uliopita, kabla hata tangazo lako halijafika, habari zilivuma kwamba jani linatosha, na walikata mara tatu, wengine mara nne, maana wateja waliyapenda yale machungu. Mahali tulipozoea kuona majani mapana, tumekuta nyuzi. Nilichimba moja, Mungu anisamehe. Tunguu lilikuwa sawa na punje ya kitunguu saumu. Nikachimba la pili, limeoza katikati. Mama mmoja kati yetu aliniangalia akasema, "Si mwanao ndiye aliyepima?" Nikafukia mashimo kwa mguu.

Hakukuwa na mbuzi.

Ilikuwa katikati ya Aprili mwaka jana. Baba yako alichomwa na msumari uliopenya kwenye kiatu cha mteja, akaufanyia mzaha. Baada ya wiki mbili mguu ulikuwa unatoa usaha na harufu ilijaa nyumba. Nilitaka kukupigia simu. Akaniapisha. Alisema utaacha kazi uje kumkalia kitandani, na kazi yenyewe bado ni ya mwaka mmoja, na yeye hatakufa akiwa amekuharibia. Hospitali akakataa kabisa, alisema wanaoingia na miguu miwili wanatoka na mmoja.

Mstari mwekundu nilikuwa nimeukata tarehe mosi, majani nikagawa, yakaisha. Kuchimba nilikuahidi sitachimba. Nilisimama pale bustanini na bakuli. Kilichobaki kilikuwa mstari mweupe, umejaa, mzuri, haumsaidii mtu. Nikachukua jani moja kwa kila mmea. Kidonda kikapoa. Wiki iliyofuata kikarudi, nikachukua mawili. Kufikia Juni nilikuwa naukata wote kama mwekundu, na bahasha zako najazia yale yaliyoota.

Nilishika ahadi moja nikavunja nyingine, na niliyoshika ndiyo iliyonidanganya kwamba mimi bado ni mtu wa neno. Matunguu yako yalilingana kwa sababu yote yalikuwa na njaa.

Oktoba nilitaka kusema. Nikauliza kama yanafutika, ukanijibu kwa furaha, nikashindwa. Uliponiambia kazi yako sasa ni ya kudumu niliona nikifungua mdomo naifuta kwa ulimi wangu. Nimekaa na hili hadi jana. Usinihurumie. Fanya linalopasa.

Shangazi yako


27 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma ukumbini, halafu nikaenda nayo stoo ya mbegu, nikafunga mlango.

Nilijua.

Si habari za Baba. Hizo sikuzijua, na zinaniuma mahali ambapo siwezi hata kupaonyesha. Lakini mstari mweupe nilijua. Mashine ya maabara ilisoma majani ya mweupe ya Mei, Juni, Julai na Agosti, na uchungu wake ulikuwa sawa na wa majani yaliyokatwa. Jani ambalo halijakatwa halisomi vile. Mbuzi hang'ati mara moja uchungu ukadumu miezi minne. Nilipoona karatasi ya kwanza nilisema mashine imekosea. Ya pili nikasema nimechanganya bahasha. Ya tatu niliiweka chini ya nyingine nikaenda kunywa chai. Umeniuzia mbuzi kwenye gunia, ndiyo, lakini gunia nililishika mimi mwenyewe na nilihisi kabisa kwamba ndani hakuna kitu.

Ningeuliza, ungeniambia. Nilijua ungeniambia. Ndiyo maana sikuuliza.

Nilikuwa na mwaka mmoja tu wa kazi na nilihitaji jibu. Na jibu lile lilikuwa zuri kiasi kwamba kila mtu alifurahi, wachuma, mkuu, hata mmea wenyewe kana kwamba ulifurahi. Ulipouliza kama ripoti inafutika nilielewa kitu, kisha nikafanya haraka kukutania ili usiendelee.

Sijui niandike nini tena.

Kipimo


9 Mei

Kipimo,

Nimekasirika na sitaficha. Nimekaa miezi sita silali vizuri, nikidhani nimekutia gizani, kumbe tulikuwa wawili gizani na wewe taa ilikuwa mkononi.

Mimi nilikosa kwa sababu ya kidonda kilichokuwa kinanuka mbele ya pua yangu. Wewe ulikosa kwa sababu ya karatasi. Sisemi kosa langu ni dogo. Nasema nilikulea, na sikukulea hivyo, au labda nilikulea hivyohivyo na leo nimejiona.

Sasa sikiliza. Wachuma wote wa mlima huu watakutana Jumamosi ya tarehe ishirini na nne, kwenye ghala tunalokaushia mizizi. Watakuwa zaidi ya hamsini na wamekasirika. Njoo. Usije kunitetea, na mimi sitakutetea. Utasema yako kwa mdomo wako, nitasema yangu kwa mdomo wangu. Njia ya mwongo ni fupi, yetu imefika mwisho, heri tuufikie kwa miguu yetu.

Leta zile karatasi za mashine. Wengi wanajua kusoma.

Shangazi


2 Juni

Shangazi,

Nimerudi salama.

Ripoti nimeifuta rasmi, na barua ya kuifuta nimeisaini kwa jina langu lote. Matangazo yanaondolewa, ingawa mkuu anasema mengine yameshafika kusikofikika. Hakunifokea. Aliniambia tu nirudishe funguo za maabara. Kuanzia leo niko kitalu cha miche, naosha vyungu na kumwagilia. Nimeomba nisifukuzwe na wamekubali mpaka mwisho wa mwaka. Nikimwagilia nafikiria vizuri kuliko nilivyokuwa nafikiria kwenye kiti.

Uliposimama pale ghalani ukasema "mimi ndiye mbuzi," watu wakacheka mpaka walipoelewa, na mimi nilitaka ardhi inimeze. Lakini baada yako niliweza kusimama. Yule mama aliyeuliza tutakaa misimu mingapi bila dawa, nilimwambia mitatu, na hesabu hiyo nimeirudia tena huku. Ni mitatu kweli. Hakuna jani, hakuna tunguu, mlimani wala bustanini, mpaka matunguu yashibe. Walipoinua mikono wote kukubali, wewe uliinua wa kwanza. Nilikuona ukimtazama Baba mlangoni.

Sasa naomba kama mtoto, si kama mpimaji. Niliona mguu wake, alivyokuwa anaubana nyuma ya mwingine ili nisiuone. Mpelekeni hospitali. Jani lilipunguza maumivu akaweza kutembea, na kwa kuweza kutembea akakataa daktari mwaka mzima. Mficha maradhi kifo humuumbua, na yeye methali hiyo aliwahi kunifundisha mwenyewe.

Kipimo


21 Julai

Mwanangu,

Mimi si mtu wa kalamu, ni mtu wa sindano. Hii ni barua yangu ya kwanza kwako, kwa hiyo usinikosoe.

Mwezi uliopita mguu ulipasuka upya. Nilimwomba shangazi yako majani. Mstari mweupe ulikuwa umeota vizuri, nauona kutoka kitandani dirisha likiwa wazi. Akasema hapana. Nikadhani ananitania, nikamwambia ni jani moja tu, nani atahesabu. Akasema aliinua mkono mbele ya watu. Nikamtukana, mwanangu. Nilimwambia maneno ambayo ndugu hamwambii ndugu yake. Nilimwambia amechagua kitunguu badala yangu. Alikwenda akaleta kiti, akakiweka mlangoni pa bustani, akakaa hapo siku mbili, analia na hasogei. Mimi na maumivu ndani, yeye na kilio nje.

Siku ya tatu maumivu yalinishinda nikasema basi, nipelekeni. Alinibeba mgongoni mpaka kwenye lori, dada yangu huyu mwenye magoti mabovu.

Nina kisukari. Sikujua. Wamekata vidole viwili, cha mwisho na jirani yake. Nimekaa hospitali wiki tatu, sasa niko nyumbani. Nimejishonea kiatu kipya, kipana mbele, na kinanitosha.

Ninachokuandikia ni hiki. Shangazi yako hali chakula vizuri. Anaamka, anamwagilia, anarudi ndani, anauangalia mguu wangu. Amewarudisha wagonjwa kumi na mmoja tangu Mei, wote amewaelekeza zahanati, na kila mmoja akiondoka anajifungia chumbani. Anaamini vidole vyangu ameviuza yeye.

Daktari aliniambia kwamba ningechelewa wiki moja zaidi, mguu mzima ungekatwa, na ningepata nafuu kidogo ya majani ningechelewa hiyo wiki. Aliniambia hivyo mimi mwenyewe, usoni. Nimemweleza shangazi yako mara tatu. Anadhani namliwaza.

Njoo umwambie wewe. Njoo, karatasi ya daktari nitakupa, umsomee polepole, tarehe kwa tarehe. Wewe bado anakuamini ukisoma.

Baba yako